Godox TT600: flashi nafuu inayogandisha mabawa ya ndege mvumaji

Ndege mvumaji wa koo jekundu wa Amerika Kaskazini hupiga mabawa takriban mara 50 kwa sekunde. Hata kasi ya shata ya 1/2000 ya sekunde huacha ukungu kwenye ncha za mabawa. Kinachogandisha bawa ni mwako mfupi, na hapo TT600 inastahili sifa. Kwa nguvu kamili mwako wake huchukua 1/300 ya sekunde, mrefu mno. Shusha nguvu hadi 1/32 au 1/64 ya nguvu kamili, mwako uwe mfupi. Mwanga utapungua, kwa hiyo tumia flashi nne: mbili mbele ya ua analonyonya ndege, moja juu, moja ya kumulika pazia la nyuma, la sivyo nyuma patatoka peusi tititi.

Anza na tundu la lenzi f/11, ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) 400, shata 1/200. Piga picha moja flashi zikiwa zimezimwa: isipotoka nyeusi, jua litachora bawa la pili la kivuli. HSS, hali ya flashi kutoa mimweko mingi mfululizo badala ya mwako mmoja mfupi, usiiwashe kabisa.

Kasoro: haina TTL (kamera kujipimia yenyewe nguvu ya flashi), na kirusha redio kama X2T, kinachokaa juu ya kamera na kuziwasha flashi, hununuliwa kando.

Kwenye kompyuta, punguza chembechembe za picha kwanza, kisha noa jicho na manyoya tu. Kwa ndege wetu chozi, ambao hutua zaidi ya kuelea, flashi mbili zatosha.