Mswaki wa mti wa pale Ngamiani: nimeutumia miezi mitatu, niliyoyaona ni haya

Mie ni fundi cherehani, nakaa Makorora hapa Tanga, na kwa kazi yangu meno ni mkasi wa pili. Uzi ukibaki kwenye pindo unaukata kwa meno, pini unazibana kwa meno huku mikono imeshika kitambaa, siku nzima ndo hivo. Kwaiyo fizi zilivyoanza kunitoka damu niliogopa kweli. Kila nikipiga mswaki natema mate mekundu, mara nyingine naamka asubuhi foronya ina doa. Nikaenda duka la dawa moja, jina silitaji, nikamweleza yule kijana, hata kuniambia fungua mdomo nikuone hakuna, akanifungia vidonge na chupa ya kusukutulia, elfu 12 ikaondoka. Damu ikapungua siku nne, wiki ya pili ikarudi vilevile.

Hapo ndo shangazi akaniambia mwanangu hebu tumia mswaki wenyewe. Watu wa pwani ukisema mswaki wenyewe tunaelewana, ni kile kijiti, maana jina lilikuwa lake kabla hii brashi ya plastiki haijaja kuliazima. Akanielekeza kwa babu mmoja anauza Ngamiani karibu na msikiti, ana ndoo ndogo ya maji na kitambaa kibichi, miswaki kaifunga mafungu mafungu. Nimemwamkia shikamoo babu, marahaba mwanangu, kabla sijauliza bei keshanichagulia mwenyewe. Mmoja 500, ukichukua mitatu ni 1,000.

Sasa nieleze ulivyo maana kuna watu wanauziwa kuni. Mzuri unakuwa mrefu kama shibiri, unene wa kidole kidogo, rangi ya udongo kwa nje na ndani mweupe kama muhogo, ukiukunja unapinda kidogo hauvunjiki. Ukikwaruza ganda kwa kucha inatoka harufu kali ya kupanda puani, kama haradali. Usiponukia mwache nao, umeshakaa sana juani. Babu anasema mzuri ni wa mzizi kuliko wa tawi na kwa kweli nimejaribu yote miwili, wa tawi nyuzi zake ni ngumu zinachoma. Unamenya ganda nusu inchi hivi, unaloweka ncha kwenye maji dakika chache, alafu unatafuna taratibu mpaka nyuzi zichambuke ziwe kama brashi. Ladha ya siku ya kwanza ni chungu na inawasha ulimi, siku ya tatu nilishaizoea na sa hizi nikikosa naona mdomo umepoa tu.

Wiki mbili za mwanzo nilikuwa namtangazia kila mteja anayeingia. Meno ya mbele yaling'aa, yale madoa ya chai ya rangi yaliyonishinda miaka yakapungua mpaka nikawa nayaangalia kwenye kioo cha wateja. Harufu ya mdomo asubuhi ikapungua sana. Na hii sio imani tu, ule mti una chembechembe za silika, madini kama ya mchanga, zinazosugua madoa, na ile harufu kali inatokana na vitu vyenye salfa ambavyo vinadhoofisha bakteria wa mdomoni, kwaiyo wazee walikuwa wanajua wanachofanya. Mwezi wa Ramadhani ndo raha zaidi, mdomo unabaki msafi bila povu, ingawa masheikh wetu wa madhehebu ya Kishafi wanaona karaha kuutumia baada ya adhuhuri ukiwa umefunga, mie nautumia asubuhi na usiku.

Ila damu haikuisha. Nataka mtu asome hapa vizuri. Ilipungua upande wa nje, huku kwa ndani nyuma ya meno ya chini ikawa palepale, nikaongeza nguvu ya kusugua nikidhani bado sijasafisha vya kutosha, fizi ya jino moja la pembeni ikaanza kurudi chini, nikinywa maji baridi jino linashtuka. Nikavumilia mpaka mwezi wa pili unaisha, alafu nikajifunga nikaenda kwa dokta wa meno, kliniki moja upande wa Chumbageni.

Dada wa watu ana upole huyo. Kanikaribisha, kaniuliza natumia nini, nikamtoa mswaki kwenye pochi nikijua atanisema, wala hakunisema, akauchukua akautazama akasema huu ni mzuri mama, tatizo ni namna unavyousogeza. Akanipa kioo cha kushika, yeye akaingiza kile kidogo cha mpini mdomoni, akasema angalia nyuma ya meno yako ya chini. Nikaona ukuta! Yaani nyuma ya yale meno manne ya mbele kuna kitu cha njano kinaelekea udhurungi, kigumu, kimeunganisha jino na jino kama ile chokaa inayoganda ndani ya birika la chai. Fizi iliyo chini yake nyekundu imevimba. Mbele meupe, nyuma ndo hivo.

Akanieleza kwa Kiswahili cha kueleweka. Kile kitu laini kinachoganda kwenye meno kila siku, ukoga, ukikiacha siku chache mate yanakigandisha kinakuwa jiwe, ndo ugaga. Unapenda sana kukaa nyuma ya meno ya chini kwa sababu chini ya ulimi pale ndo kuna matundu ya mate, na mate yana madini. Ukishakuwa jiwe hakuna mswaki unaoutoa, wa mti, wa plastiki, wa umeme, wala mkaa, wala chumvi, lazima ukwanguliwe. Na ukikaa unazidi kuhifadhi uchafu kwenye fizi, fizi zinavimba zinatoka damu, hiyo hatua bado inatibika ikarudi sawa kabisa. Ukiiacha ndo inashuka chini inakula mfupa unaoshikilia jino, na mfupa ukishaliwa haurudi, jino linaanza kucheza. Mie nilikuwa bado hatua ya kwanza, alhamdulillah.

Akanionyesha na kosa la mswaki wangu. Brashi ya dukani nywele zake zimesimama pembeni ya mpini kwaiyo unaizungusha ikaingia nyuma ya jino. Kijiti nyuzi zake zimenyooka na mpini wenyewe, sawasawa na kalamu, ukiuweka nyuma ya meno ya chini unachofanya ni kuchoma choma tu huwezi kusugua. Miezi yote nilikuwa nasafisha upande unaoonekana. Na ile fizi iliyorudi chini ni kwa kusugua kulia kushoto kwa nguvu kama nakata kuni, mswaki wa mti unatakiwa uanzie kwenye fizi uvute kuelekea ncha ya jino, juu unashuka, chini unapanda, kwa mkono mwepesi.

Kukwanguliwa nililipa elfu 50, ilichukua kama dakika 40. Hakuna ganzi, kuna kimashine kinatetemeka na kutoa maji, kinapiga kelele ya mbu, unasikia vipande vinadondoka kwenye ulimi kama mchanga. Kuuma ni pale kwenye fizi zilizovimba tu, nilishika mkono wa kiti basi. Nilipomaliza nikapitisha ulimi nyuma ya meno nikahisi nafasi kati ya jino na jino, nimesahau kabisa kama zilikuwepo.

Na hapa nimjibu mama yangu na wengine wengi wanaosema usikwangue meno yatalegea. Mama alinikataza kabisa. Nafasi unazozihisi baadae sio kwamba dokta katoboa, ni mahali ugaga ulikuwa umekaa, na jino linalocheza baada ya kukwanguliwa lilikuwa limeshaliwa mfupa zamani, ugaga ndo ulikuwa unalishikilia kama saruji. Maji baridi yalinishtua siku nne tano hivi yakaacha. Damu imeisha wiki ya pili. Sasa nimempeleka na mama mwenyewe, maana ana sukari, na dokta kasema sukari ikiwa juu fizi zinaoza haraka, na fizi zikioza sukari nayo inakuwa ngumu kushuka, vinasukumana. Tambuu kamwambia aache kabisa, sio kwa ajili ya wekundu wa meno, ni kwamba popoo inayotafunwa ndani yake inasababisha saratani ya mdomo. Mama hajajibu kitu, ila kile kisahani cha tambuu sijakiona mezani wiki hii.

Haya turudi kwenye mswaki maana ndo ninaousifia. Sijauacha. Nilichobadilisha ni kwamba usiku kabla ya kulala natumia brashi laini ya dukani na dawa ya meno yenye floraidi, dokta alinambia nitazame kwenye boksi iwe kati ya 1,000 na 1,500 ppm, ndo kipimo cha hiyo floraidi, nipige dakika mbili, nyuma ya meno kwanza ndo nije mbele, alafu niteme povu bila kusukutua na maji, dawa ibaki kwenye meno ifanye kazi usiku. Hiyo ya kutosukutua ilinishinda wiki nzima, mdomo unahisi haujamaliza kazi, sasa nimezoea. Mswaki wa mti natumia asubuhi na baada ya chakula cha mchana nikiwa kwenye cherehani, ambapo zamani nilikuwa sipigi kitu kabisa. Peke yake usiutegemee kwa jino linalotoboka, floraidi yake haitoshi, na mtoto wangu wa miaka 7 simpi kabisa peke yake, huyo gego lake la kwanza la utu uzima limeota mwaka jana huko nyuma bila jino lolote kung'oka, nilikuwa najua ni la utoto nikaliacha, kumbe likiharibika ndo basi halina la kulirithi.

Kasoro nyingine za bidhaa yenyewe. Ukiuacha mkavu kwenye pochi siku mbili unakuwa ukuni, nyuzi zinakatika zinabaki kati ya meno na kutoa moja ni kazi. Ncha lazima uikate kila siku au kila siku ya pili utafune mpya, kwaiyo mmoja unaniishia baada ya wiki mbili. Usiufunge kwenye nailoni ukiwa mbichi, unaota ukungu, wangu mmoja nimeutupa hivo, funga kwenye kitambaa chenye unyevu. Na mtu mwenye fizi zenye vidonda asiuguse mpaka apone.

Kwa bei ile na kazi ile naupa nyota 4 kati ya 5, moja nimeitoa kwa sababu ya nyuma ya meno. Yule dokta nampa 5 bila kufikiria, nina tarehe ya kurudi baada ya miezi sita na nimeiandika kwenye daftari la vipimo vya wateja ili nisisahau. Uzi sasa nakata kwa mkasi, alinionyesha kwenye kioo kijipengo kwenye ncha ya jino la mbele pale uzi unapopita, nilikuwa sijawahi kukiona.

Babu anakuwepo pale kuanzia baada ya Alasiri. Ijumaa anakuja mapema kabla ya swala na ile mizizi mizuri inaisha haraka, nenda kabla ya saa sita.