Gari za Kijapani za zamani za kutengeneza mwenyewe nyumbani: ipi uanze nayo ukiwa Arusha au Moshi

Wadau wa Arusha na Moshi mnaotaka gari ya Kijapani ya zamani ya kufufua taratibu wikiendi, swali kubwa ni moja tu, ninunue ipi, na majibu mengi mtu anayopewa ni ya mapenzi, kila mmoja anataja ile aliyopandishwa na babake akiwa mdogo. Mimi naipanga tofauti. Gari ya zamani inunue kwa spea zake kwanza, uzuri baadae. Yaani kitu kikikatika Jumamosi asubuhi, je utakipata Unga Limited, mtaa wa Arusha wenye maduka ya spea, au duka la Kariakoo watakutumia kwa basi kabla ya Jumamosi ijayo? Kama jibu ni hapana basi gari itakaa juu ya matofali mwaka mzima mpaka hamu ikuishe, hata iwe nzuri vipi.

Kabla sijataja gari yoyote, kadi ya usajili wa gari. Gari nyingi nzuri za miaka ya 70 na 80 huku kwetu zimelala migombani, Marangu, Machame, Kibosho, Tengeru, na mwenye jina kwenye kadi alishafariki. Mtoto mmojawapo anakuuzia, unalipa, unaivuta, halafu ndugu mwingine anakuja na wazee wa ukoo anasema gari ya baba haijauzwa. Mwenye kadi akiwa marehemu, anayeruhusiwa kukuuzia ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwaiyo omba uone hizo karatasi, piga kopi, andikishaneni kwa mwanasheria ndo utoe hela. Halafu linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kwenye kadi tarakimu kwa tarakimu, na ya injini pia, manake nyingi zimeshabadilishwa injini bila taarifa. Isiyo na kadi kabisa achana nayo, labda uichukue kwa ajili ya kuchinja spea. Na wale wanaouliza kuagiza Japani, inawezekana, ila gari ya umri huo inapigwa kodi ya uchakavu juu ya ushuru wa kawaida, mi naona hiyo hela inatosha kufanya ovahoo, yaani kufungua na kufufua injini yote, ya iliyopo hapa hapa.

Kitu cha pili ni bodi. Bahati yetu huku ni hewa, gari iliyoishi Arusha au Moshi muda wote haijala chumvi ya bahari, lakini iliyotoka Tanga au Dar unaweza ukaikuta juu inang'aa chini imeoza. Nenda na sumaku umeiviringishia kitambaa, ipitishe kwenye milango, kingo za chini na juu ya matairi, mahali isiposhika ujue kuna puti imepakwa juu ya tobo. Nyanyua kapeti uone sakafu chini ya miguu ya dereva, angalia chini ya betri, angalia springi zinapofungwa kwenye chasisi. Injini mbovu isikutishe, injini inashuka na kupanda. Bodi iliyooza ndo inamaliza hela na moyo pamoja.

Sasa mpangilio wenyewe.

Namba moja Corolla KE70, ile wengi wanaiita DX. Ilianza kutoka 1979, na kwa mtu anayejifunza kwenye ua wa nyumbani sijaona ya kuizidi. Injini yake 4K ni cc 1290, vali zinasukumwa na fimbo, ina taiming cheni, ile inayozungusha vali kwa wakati wake, badala ya belti, na ukifungua boneti unaona mpaka chini, mkono unaingia kila mahali. Kabureta, platini (ile inayokata na kuunga umeme wa plagi), kondensa, plagi, vyote unavigusa kwa bisibisi na spana za kawaida, gepu la vali unaset mwenyewe kwa fila geji, vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi. Hakuna kompyuta ya kukubishia. Ndugu yake 5K ilifungwa kwenye Liteace na Townace, kwaiyo hii familia ya injini mafundi wetu wanaijua na spea zake bado zinazunguka. Vitu vya kuangalia: silinda hedi yake ni ya alumini imekaa juu ya bloku ya chuma, na aliyeitumia miaka yote na maji ya bomba bila kulanti, dawa ya rejeta ya kuzuia kutu, ameziozesha njia za maji, fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya baridi uone kama maji ni ya kutu au yana mafuta mafuta. Gari ambayo imewahi kuchemsha ikaendeshwa hivyo hivyo mpaka nyumbani, hedi yake ipimwe kabla hujakubali bei. Na kabureta ikiwa imesetiwa Dar, huku itachafua plagi ziwe nyeusi, Arusha mjini tuko kama mita 1400 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi, petroli inakua nyingi kuliko hewa, sio ugonjwa, ni kuiset upya tu. Moshi mko chini zaidi, tofauti haiwi kubwa hivyo.

Namba mbili Hilux, hasa ya kati ya 1983 na 1988 yenye injini ya dizeli ya 2L, cc 2446. Sababu ni rahisi sana, injini za ukoo huo wa L zilifungwa kwenye Hiace, na Hiace ndo zimebeba watu wa miji hii miwili miaka na miaka, kwaiyo kuanzia pampu, nozo, gasketi mpaka pistoni unapata, na fundi wa vifodi, daladala za huku, anaifungua kama anamenya ndizi. Ila ina mambo mawili ya kuheshimu. Ina taiming belti, ikikatika pistoni zinagonga vali, na kwa kua huwezi kujua mara ya mwisho ilibadilishwa lini basi ukinunua tu badilisha siku hiyo hiyo, usisubiri kilomita laki moja za kwenye kitabu. Pili haipendi kabisa kuchemsha, hedi yake inapasuka, ukiona muuzaji ameondoa themostati, vali inayodhibiti joto la maji ya injini, kabisa muulize ilikua inaficha nini. Halafu simama nyuma ya gari, chuchumaa, angalia kama kabini na bodi ya mzigo vimenyooka mstari mmoja, manake pikapu za huku zimebeba mchanga, matofali na ndizi kupita kiasi na chasisi inapinda au inapasuka pale nyuma ya kabini. Chasisi iliyochomelewa vizuri na bati la kuongezea nguvu naikubali, iliyochomelewa kiholela hapana.

Namba tatu Land Cruiser, na najua hapa wengi watanikasirikia, Arusha ni mji wa Land Cruiser na karibu kila gereji kuna mtu anayezijua. Kwa ubora ningeiweka ya kwanza. Zile za toleo la 40 zilitengenezwa kuanzia 1960 hadi 1984, injini zake za dizeli B, 3B na 2H zinatumia gia kuzungusha vali badala ya belti au cheni, ukiitunza oili inakuzika wewe ndugu. 2H hiyo hiyo iko kwenye Land Cruiser za baadae za HJ60 na HJ75, kwaiyo spea sio tatizo. Tatizo ni bei, za 40 zinatafutwa na watu wa nje wenye hela zao na wauzaji wa huku wameshajua, na pili kila kitu ni kizito, kushusha giaboksi yake nyumbani bila chenibloku, winchi ya mnyororo ya kunyanyulia, na watu wawili wenye nguvu usijaribu kabisa. Ya petroli ya 2F inakunywa mafuta haswa, cc 4200 hiyo. Ukipewa iliyokua ya utalii angalia sana kama chasisi ilikatwa na kurefushwa, kazi hiyo inafanyika hapa hapa mjini na zipo zilizofanywa vizuri, ila usilipe bei ya gari ambayo haijaguswa.

Suzuki SJ410 naipa ya nne. Ndogo, nyepesi, cc 970, springi za majani pande zote nne, mtu mmoja anaweza kufanya karibu kila kitu peke yake. India waliitengeneza kwa jina la Maruti Gypsy na spea za huko zinaingia Afrika Mashariki. Jaribu kwenye lami, usukani ukitetema ukifika mwendo kidogo, mara nyingi ni bearing za kingpini, pale gurudumu la mbele linapogeukia, zimekufa, bei ipungue hapo.

Ya tano Datsun, 1200, 120Y, 160J, na hapa moyo unaniuma kuiweka chini. Safari Rally ilipoanza 1953 ilipita mpaka huku Tanganyika, na Shekhar Mehta wa Kenya aliishinda mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982, akiwa na Datsun, baada ya kuishinda pia 1973 na 240Z. Wazee wengi wakiona 160J wanasimama barabarani. Lakini taa, vioo, raba za milango na bampa zake ni shida tupu kupata. Nafuu ipo kwa 1200, Afrika Kusini waliendelea kutengeneza pikapu yake kwa jina la Nissan 1400 mpaka 2008, kwaiyo ukiwa na mtu wa kukubebea, vitu vya injini na vya chini unapata. Kama utanunua Datsun basi nunua iliyokamilika vitu vya nje hata kama injini haiwaki.

Gari za michezo kama Toyota Celica, Datsun 240Z na Corolla AE86 sizipangi hata. Ukiipata kwa bahati chukua, lakini sio gari ya kuanzia.

Hela yako igawe mara mbili, nusu gari, nusu matengenezo, na hiyo nusu ya pili usiiguse wakati wa kupatana bei. Ukishaileta nyumbani anza na breki, pampu za breki za magurudumu na mipira yake yote ibadilishwe bila huruma. Fuata maji, yaani rejeta, mipira na pampu. Kisha waya, hasa zile zilizoungwaungwa kwa selotepu, gari nyingi za zamani zinazoungua zinaanzia hapo. Chujio cha hewa lifunguliwe mara kwa mara kuliko kitabu kinavyosema, vumbi letu ni jepesi linaingia popote. Rangi iwe ya mwisho kabisa, na ukitaka itoke vizuri piga Januari au Februari kabla masika hayajaanza Machi, unyevu ukinaswa chini ya rangi inatoa vipele na utakwangua yote upya.