Supu ya Lava Tower kumbe ni ya wenye dola

Nimerudi Mwanza wiki kadhaa sasa na hasira haijaisha, acha niandike tu. Mlima Kilimanjaro, njia ya Machame, siku saba, mimi na shosti wangu wa kazini. Mlima wenyewe sina neno. Kampuni iliyotupeleka ndo nina neno nayo.

Mazoezi nilifanya jamani, kila asubuhi napanda kilima cha Capri Point mpaka nikajiona nimeiva. Sasa huku kwetu ni mita 1,100 na kitu, siku ya tatu wanakutoa kambi ya Shira wanakupandisha kwenye jabali la Lava Tower mita 4,600 halafu mnashuka kulala Barranco, 3,900 na kitu, eti mwili uzoee. Sawa, nimeelewa, panda juu lala chini. Ila kichwa kilikuwa kinagonga kama wale wamama wa kokoto wamehamia ndani, kila hatua tano nasimama, na tulipokaribia Lava Tower ikashuka mvua ya mawe.

Tunafika, hema la chakula limeshasimamishwa, supu inafuka moshi. Kundi letu lina Waholanzi wawili, hao wakakaribishwa ndani. Mimi na mwenzangu tukapewa viboksi, chapati imekauka kama soli, yai moja, juisi ya baridi, tukae nyuma ya jiwe. Nikamwambia yule muongozaji msaidizi, kaka naomba hata maji ya moto kikombe kimoja. Akacheka. Akasema, "Dada, nyie si mmelipa kwa shilingi?"

Mbele ya watu!

Ni kweli tulilipa kidogo kuliko wale, sikatai, mTanzania hata kiingilio cha hifadhi analipa bei yake. Lakini kabla ya kulipa nilipiga simu nikauliza huduma zinatofautiana? Nikaambiwa zote ni zilezile, tofauti ni kiingilio tu. Kwahiyo supu nayo ni kiingilio?

Kushuka Barranco nikatapika ile chapati yote kwenye ile mimea mirefu ya ajabu kama migomba iliyovaa koti. Aliyenisimamia ni kijana mpagazi, ana mzigo kichwani na bado akatoa chai kwenye chupa yake mwenyewe, ya tangawizi, akanishikia kikombe maana mikono ilikuwa inatetemeka. Hajaniuliza nimelipa na nini.

Labda na mimi nilikuwa na hasira za kichwa kuuma, shosti anasema nimekuza mambo. Na niwe mkweli, usiku wa kilele huyohuyo msaidizi alinibebea begi toka Stella Point, pale ukingoni mwa kreta, na Uhuru nikafika, picha ninayo, kwahiyo nilitaka kuwapa nyota nne. Halafu nikikumbuka ule moshi wa supu... mbili. Moja ya mpishi (jioni alikuwa anapika vizuri, makosa si yake), moja ya yule mpagazi.

Siku ya mwisho geti la Mweka wakaimba, wakacheza, tip zikaanza. Mpagazi wangu nilimpa mkononi mwenyewe. Msaidizi akaja anatabasamu, "dada yangu shujaa wa Mwanza!", Waholanzi wametoka kumpa dola.

Nikampa na mimi. Shilingi.