Mkasi wa kubebeshea miche (omega): nimeutumia msimu mzima, haya ndo maoni yangu

Huu mkasi nimekaa nao kitaluni msimu mzima kwahiyo naongea kitu nilichokishika. Ni ule unaokuja kwenye boksi na visu vya kubadilisha, cha V, cha U na cha omega (mkato wenye umbo la herufi Ω), pamoja na rola ndogo ya tepe. Unaweka mche wa chini (ule wenye mizizi) unabana, unaweka kikonyo (kijiti cha mti unaoutaka, ndo kinabebeshwa juu yake) unabana, alafu unavipachika vinaingiana kama ufunguo na kitasa.

Nianze na uzuri wake. Kwa mtu ambaye mkono haujazoea kisu, unasaidia kweli. Ugumu wa kubebesha ni kukata mara moja tu ukapata uso ulionyooka, ukianza kuchongachonga mara ya tatu ya nne uso unakuwa na mawimbi, ukifunga kunabaki nafasi ndani na kikonyo kinakauka kabla hakijashika. Mkasi unakupa mkato uleule kila ukibana, na omega inajishikilia yenyewe wakati bado unakata tepe. Ndo maana kwenye mizabibu mkato huu unatumika sana, vitalu vikubwa vina mashine zake kabisa za mezani, maana vijiti vya mzabibu vinakatwa mti ukiwa umelala, yaani haukui, ni vigumu, na kupata viwili vyenye unene sawa sio kazi.

Sasa huo unene ndo penye shida yenyewe. Kinachoshikana kwenye kubebesha ni kambiamu, ule utando mwembamba wenye utelezi kati ya gome na mti wa ndani, basi, hakuna kingine. Ukitumia kisu na kikonyo kikawa chembamba kuliko shina, unakisogeza upande mmoja, kambiamu zinakutana upande huo na mche unashika vizuri tu. Mkasi haukupi nafasi hiyo, omega inakaa katikati ya kijiti, kwahiyo kikonyo kikiwa chembamba basi gome lake linaangukia kwenye mti pande zote mbili na hapo hamna kitu. Nimepoteza miche ya parachichi hivihivi na iliniuma sana, mche wa chini umeulea miezi tangu kokwa, umemwagilia, umepalilia, alafu unakufa kwa tofauti ya milimita mbili.

Halafu parachichi na embe vikonyo vyake ni laini kuliko mzabibu. Kisu cha kubebeshea kimenolewa upande mmoja, kinateleza, ila mkasi unakandamiza kijiti kwenye kitako chake, na makali yakipungua kidogo tu unaanza kuponda gome. Ukiona nyuzi za gome zinaning'inia jua ushaponda, kingo zitageuka kahawia. Na kile kisu cha omega kimejipinda hakinoleki kwa jiwe la kawaida, inabidi kununua kingine. Usafi nao ni kazi, utomvu unaganda kwenye ule mfereji, kisu cha kawaida unakipitishia spiriti ya asilimia 70 umemaliza, huu unahitaji mswaki.

Tepe iliyomo kwenye boksi mi siipendi. Ni plastiki ya kawaida, usipoikata kwa wakati inakaba shina likinenepa. Bora tepe ya parafini, inavutika, unafunika mpaka kikonyo chote na jicho linaitoboa lenyewe likichipua.

Nakomaa na haya mambo madogo kwasababu kwenye shamba la biashara mche ndo kila kitu. Parachichi zote za aina ya Hass duniani zinatokana na mti mmoja wa Rudolph Hass kule California, aliupatia hataza 1935, mti mama wenyewe ulikufa 2002 ila bado tunakula matunda yake kwa sababu watu walibebesha na kubebesha tena. Ukipanda kokwa yake hupati Hass. Kwahiyo maungio mabovu yakienda shambani utayajua mti ushabeba matunda na upepo umekuja, unakatikia palepale.

Nimeupa nyota 3 kati ya 5. Kama unafanya mizabibu au matufaha na una vijiti vya unene wa penseli vinavyolingana, chukua, utafurahi. Kama ni parachichi na embe jifunze kisu, mkato wa kupasua shina na kuchonga kikonyo kama kabari, wiki chache tu za kufanya mazoezi kwenye matawi ya kutupa mkono unakaa sawa. Ukiamua kununua nenda na kijiti kibichi dukani, kata, pachika, kiinue kwenye mwanga. Mwanga ukipenya kwenye maungio acha hapohapo.