Ndege ya Rimoti ya Kujifunzia: Uchambuzi Baada ya Miezi Minne Kando ya Ziwa

Ndugu watazamaji, karibuni. Ndege mnayoiona mezani ni ya kujifunzia, yenye bawa moja lililokaa juu ya kiwiliwili, upana wa mita 1.2 kutoka ncha hadi ncha, mota isiyo na brashi na chaneli nne, yaani mambo manne unayoyaongoza kwa rimoti. Jina la mtengenezaji nimelifunika kwa utepe, kwa sababu ndege za muundo huu huuzwa kwa majina mengi na nitakayoyasema yanazihusu karibu zote. Nimeirusha kwa miezi minne upande wa Luchelele, hapa Mwanza, na hukumu yangu ni kwamba inamfaa mtu wa Mwanza, ila kwa sharti moja: aipunguze uzito kabla haijaruka hata mara moja, wala asikimbilie kuiongezea nguvu.

Sababu ya sharti hilo ni hewa yetu. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sisi tunaosimama ufukweni, isipokuwa tuzame, hatuwezi kuwa chini ya hapo. Ukilinganisha siku mbili zenye joto lilelile, moja ya Dar es Salaam na nyingine ya hapa, hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 12. Bawa huibeba ndege kwa kuisukuma hewa chini, kwa hiyo hewa inapokuwa nyepesi ndege hulazimika kwenda kasi zaidi ili ibebeke, na mwendo wa chini kabisa ambao bawa bado linabeba hupanda kwa takriban asilimia 6. Kwenye karatasi hiyo ni tofauti ndogo, lakini kwa mwanafunzi anayetua kwa mara ya kwanza kwenye uwanja wenye majabali pembeni, ndiyo inayoamua kama pua itafika kwenye nyasi au kwenye jiwe.

Niliipima ndege nzima, pamoja na betri yake, kwenye mizani ya jikoni, ikasoma gramu 1,010. Nikang'oa magurudumu na nyaya zake, ambayo kwenye viwanja vyetu vyenye kokoto hujikwaa zaidi kuliko yanavyobingirika, kisha nikaweka betri yenye ujazo mdogo, wa miliampea-saa 1,300, mahali pa ile ya 2,200. Mizani ikasoma gramu 892. Punguzo hilo linakaribia asilimia 12, maana yake ndege hii sasa inatua hapa kwa mwendo uleule ambao ingetua nao Dar es Salaam ikiwa na uzito wake wa kiwandani. Gharama yake ni muda mfupi zaidi angani, na mimi nailipa bila kinyongo, kwa kuwa mwanafunzi huchoka kabla ya betri.

Njia ambayo wengi huifuata ni kubadilisha propela, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Propela iliyokuja nayo ina kipenyo cha inchi 9. Ukiweka ya inchi 10 yenye mchongo uleule, yaani mwinamo uleule wa mapanga yake, nguvu inayodaiwa kwa mizunguko ileile hupanda kwa takriban nusu nzima, kwa kuwa mzigo huo hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Wepesi wa hewa yetu unarudisha sehemu ndogo tu ya nyongeza hiyo, na hewa hiyohiyo nyepesi hupooza vibaya zaidi. Kidhibiti mwendo, kile kinachoigawia mota umeme, kitachemka na mota itafuata. Anayetaka kujaribu propela kubwa apime kwanza ampea, asitegemee kugusa kwa kidole.

Kupunguza betri nako kuna mtego wake. Betri ndiyo inayoishikilia pua, kwa hiyo nyepesi ikiachwa mahali pa nzito, mkia unazidi. Bawa hili lina kina cha sentimita 20, na ndege inapaswa kutulia sawasawa juu ya ncha za vidole viwili vilivyowekwa chini ya bawa, sentimita 5 hadi 6 kutoka ukingo wake wa mbele. Ilinibidi nikate povu ndani ya pua ili betri isogee mbele. Ndege yenye pua nzito huruka kivivu. Yenye mkia mzito humshinda hata mrushaji mzoefu.

Kuhusu kuunganisha sina mengi: ni kazi ya jioni moja, na povu lake linakubali supagluu bila kuyeyuka, tofauti na lile jeupe linalofungiwa televisheni mpya. Ufa wa bawa nimeutibu kwa vijiti viwili vya mishikaki na gundi. Chaja iliyomo kwenye boksi ni duni, haionyeshi volti za kila seli. Nunueni nyingine inayoweza kuihifadhi betri kwenye volti 3.8 kwa seli.

Tuje kwenye upepo, ambao hakuna kijitabu cha maelekezo kitakachowaeleza. Alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na ni mtulivu, lakini kila ndege inayopotea inapelekwa majini. Alasiri upepo hutoka ziwani, unaweza kuwa mkali, lakini unairudisha ndege kwa mwenyewe. Mimi hurusha asubuhi na kubaki upande wa nchi kavu, na kamwe sirushi upande wa Ilemela ulipo uwanja wa ndege. Masuala ya kibali yaulizeni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kabla ya kufungua boksi. Mwewe nao huja kuichungulia. Akikaribia, mimi hushuka, kwa sababu anga ni yake.

Pamoja na tahadhari hizo, mwezi wa pili iliniponyoka na kuangukia majini kama mita 80 kutoka ufukweni. Povu halizami, na wavuvi waliokuwa wakirudi na dagaa waliniletea ikiwa kichwa chini. Ziwa letu halina chumvi, jambo ambalo mrushaji wa pwani angelionea wivu: kipokezi cha mawimbi ya rimoti nilikikausha juani siku mbili kikafanya kazi, servo tatu, zile mota ndogo zinazosogeza sehemu za kuongozea ndege, zikapona, na ya nne, ile ya usukani wa mkia, ikabaki inakwaruza hadi nikaibadilisha. Betri iliyoloa sikuirudisha kwenye chaja hata kwa majaribio. Hadi leo imekaa nje kwenye ndoo ya mchanga.