Land Rover ya Jeshi na Spea za Yadi: Nini Ununue Malindi, Nini Uache

Anayefufua Land Rover Series III iliyotoka jeshini kwa spea za yadi za vyuma vikuukuu hapa Malindi hatupi pesa, mradi ajue anachoshika. Difu (gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu), giaboksi na bodi vinafaa. Chasisi iliyozeekea pwani waachie wenyewe.

Chasisi hii ina uwazi ndani. Maji ya chumvi huingia yakakaa humo, kwa hiyo rangi ya nje inang'aa ilhali chuma kimeliwa. Igonge kwa nyundo, ukianzia boriti ya nyuma na pale springi zinaposhikwa. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu, na bisibisi itapenya. Muuzaji atakwambia inachomeleka. Kweli, lakini kiraka kitashikilia nini? Soma pia namba ya chasisi na uilinganishe na logibuku kabla hujatoa hata shilingi.

Bodi ni aluminiamu. Hasara huanzia kwenye riveti na pembe za chuma: metali hizo mbili zikigusana penye chumvi, aluminiamu hugeuka unga mweupe. Ukirudisha paneli, tenganisha kwa mpira mwembamba.

Difu ndiyo bidhaa bora ya yadi, na ndiyo yenye mtego. Ya Series III ina uwiano wa 4.7, ya Range Rover ya zamani 3.54, na zote huingia kwenye ekseli ileile bila kulalamika, isipokuwa ekseli ya nyuma ya gari refu la inchi 109. Ukichanganya, moja mbele na nyingine nyuma, siku utakapotia magurudumu manne kwenye lami mfumo utajibana, na shafti ya ekseli hukatika. Pima papo hapo: zungusha pinioni, ile gia ndogo inayoingiza nguvu, mpaka gia kubwa imalize duara moja. Mizunguko karibu minne na robo tatu, chukua. Mitatu na nusu, rudisha.

Injini ya petroli ya lita 2.25 uliza mwaka. Kuanzia 1980 krankishafti ina beringi kuu 5, za awali 3, na haziazimani. Nafasi ya tapeti zote, yaani pengo la valvu, ni milimita 0.25.

Gari lililobeba redio ya mawasiliano ya jeshi lina umeme wa volti 24, betri mbili zimeungwa mfululizo. Balbu, koili na stata za volti 12, ambazo ndizo zimejaa yadini, zitaungua.

Kabureta ya Zenith ikivuja, mara nyingi kifuniko kimepinda. Weka msasa laini juu ya kioo, ukisugue mpaka kilale sawa. Usikimbilie kununua nyingine iliyopinda vilevile.

Breki usinunue kuukuu: masta silinda, silinda za magurudumu, mipira, vyote vipya. Tufe la kromu nyuma ya gurudumu la mbele nalo likiwa na vishimo vya kutu liache, litakata sili na kumwaga oili hata ukibadilisha mara ngapi.

Bei ya kipande kimojakimoja ni ya kuumiza. Ulizia gari zima la kukatwa.