Bulabo, Bujora: ingia makumbusho kwanza, ngoma baadaye

Bulabo ni sherehe ya kila mwaka ya Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, karibu kilomita 20 kutoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma. Wengi huifuata kwa ajili ya chatu na majembe yanayorushwa hewani, na wana haki. Lakini anayekwenda moja kwa moja uwanjani hukosa nusu ya utamu: shindano la ngoma linalofanyika pale linawaenzi waasisi watatu, na habari zao ziko ndani ya makumbusho.

Wawili ni Ngika na Gumha, waganga na wacheza ngoma wa karne ya 19 walioshindania nani ana dawa kali zaidi ya kuvuta watu. Wafuasi wa Ngika ni Bagika, wa Gumha ni Bagalu, na hadi leo hawajapatana nani bingwa. Wa tatu ni Padri David Clement wa Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, mzaliwa wa Quebec, Kanada. Kuanzia miaka ya 1950 alikusanya urithi huu akishirikiana na Wasukuma wenyewe, na bila kazi hiyo mengi yangepotea.

Anzia kwenye jumba lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, penye ngoma za kitemi, kisha nenda sehemu ya vyama vya ngoma. Chukua mwongozaji, bila maelezo utaona mbao na ngozi tu. Tenga saa moja na nusu asubuhi, kabla uwanja haujachangamka. Usiliache kanisa la mviringo, ambalo altare yake nayo ina umbo la kiti cha enzi.

Sasa uwanjani. Kwa desturi makundi mawili, la Bagika na la Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na lililojaza watu wengi ndilo mshindi. Ndiyo maana kuna nyoka, vinyago na vituko vya kila namna: vyote ni vya kumnyang'anya mwenzako watazamaji. Basi usitafute kiti. Simama katikati unapoona pande zote mbili, halafu hama ukivutwa; miguu yako ndiyo kura. Mwenye mtoto akae pembeni, kwa sababu upande mmoja ukitoa jambo jipya umati hukimbia wote kwa pamoja.

Udhaifu upo. Ngoma za pande mbili hugongana, na nyimbo, ambazo zimejaa majigambo na vijembe kwa mpinzani, humezwa na kelele. Asiyejua Kisukuma aende na anayekijua, wasogee karibu na manju, yaani kiongozi wa nyimbo. Kwa bugobogobo, ngoma ya majembe, rudi nyuma hatua kadhaa: jembe likirushwa huzunguka juu kabla ya kudakwa, na uzuri wake huonekana kwa mbali kidogo.

Tarehe ndiyo huwakwamisha wengi. Sherehe hufuata sikukuu ya Ekaristi, nayo huhama na Pasaka. Mara nyingi ni Juni, baada ya mavuno. Hudumu siku kadhaa, kwa hiyo ulizia makumbusho ratiba ya kila siku kabla ya kufunga safari. Panda daladala ya Kisesa, ushuke hapo, kisha bodaboda hadi kilimani Bujora. Ni kiangazi: beba maji, kofia, na kitambaa cha kufunika kamera, maana wachezaji wakikanyaga kwa nguvu vumbi hujaa kote. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, hasa za waganga na vifaa vyao.